Mtani wa Serikali

Roboti ilijilaza ndani ya jeneza tupu, ikakunja mikono kifuani, ikatangaza kwamba haitoki humo mpaka iletewe jogoo.

"Bibi yenu alikuwa mwembamba," ilisema, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Tabora. "Na mimi nimetoka mbali, miguu inaniuma. Jeneza hili limenikaa mimi vizuri zaidi. Yeye mpeni baiskeli, aende mwenyewe."

Watu wa Chanika walitazamana. Walikuwa wamefiwa tangu alfajiri, macho yamewavimba, na hakuna aliyejua kama kucheka kunaruhusiwa mbele ya chombo cha Serikali. Kisha dada wa marehemu, kikongwe wa miaka themanini na kitu, akaachia kicheko kimoja cha puani na kujifunika khanga usoni. Kicheko kile kikawaambukiza waliokaa karibu naye, nao wakawaambukiza wa nyuma, mpaka ua mzima ukawa unacheka huku unapangusa machozi.

Dakika ya saba, akaandika Dk. Mwamvita Pazi kwenye kibao chake cha kioo.

Alikuwa amesimama pembeni, karibu na pipa la maji, asimzuie mtu njia. Kila mwombolezaji aliyeingia uani alikuwa amebandikwa kifuani kifungo-hisi, kidude kidogo kama punje ya mahindi, kilichosoma mapigo ya moyo, urefu wa pumzi na unyevu wa macho. Habari hizo zilikwenda kwenye Mizani, akili mnemba ya Wizara huko Dodoma, nayo ikazirudisha zikiwa namba moja tu: kiwango cha faraja. Roboti ilipoingia uani, kiwango kilikuwa ishirini na mbili kwa mia. Sasa kilikuwa sitini na moja na bado kinapanda. Mwamvita alihisi furaha ambayo mtu hapaswi kuihisi kwenye msiba wa watu, akainamisha uso ili asionekane.

Kitaalamu iliitwa mtani-mnemba. Ilikuwa na kimo cha mtu mzima mfupi, mwili wa nyuzi za mkonge zilizoshindiliwa, na uso usio na pua wala mdomo, kwa sababu sheria ilikataza mashine kufanana na binadamu. Ilijua makabila yote ya nchi na nani ni mtani wa nani. Kwa Wazaramo ilikuja kama Mnyamwezi, na kwa Wanyamwezi ilikuja kama Mzaramo. Jina lile la kitaalamu halikuwaingia watu. Mwaka haujaisha, nchi nzima ikawa inaiita Mtani wa Serikali.

Aliyeleta wazo lake hakuwa mhandisi. Alikuwa Mwamvita mwenyewe, mtaalamu wa mila, aliyetumia nusu ya umri wake akizunguka misibani na kinasa sauti. Tusimwonee. Aliupenda utani kwa dhati. Alijua hadithi ya mababu waliobeba mizigo kutoka Unyamwezi mpaka pwani, wakafia njiani mbali na ndugu zao, wakazikwa na wenyeji wasiowajua. Alijua jinsi watani walivyokuja msibani kuosha, kupika, kutukana na kuzuia jeneza mlangoni, wakisema yale ambayo ndugu wa damu hawezi kuyasema. Na aliona kwa macho yake utani ukipungua. Vijana walioana na makabila ya mbali, wakahamia kwenye majumba marefu ya ghorofa arobaini, wakawa hawajui mtani wao ni nani. Utafiti wake ulionyesha kwamba, kati ya misiba kumi, mitatu tu ndiyo iliyokuwa na watani.

Utafiti huo ndio uliomwingiza kwenye Jopo la Wataalamu wa Malengo ya Utamaduni. Walikuwa watu tisa, wote wasomi, wote wenye nia njema. Wabunge walikuwa wamechoka kubishana kuhusu utamaduni, kila mmoja akivutia kwao, wakaona heri kazi hiyo waachiwe wenye elimu. Lolote ambalo Jopo liliandika, Bunge lilipitisha. Mwenyekiti alikuwa Profesa Rwechungura, mtu mpole wa takwimu, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, na aliyekuwa na neno moja alilolirudia kila kikao: kisichopimika hakilindiki.

Lengo Namba Nne lilisema hivi: ifikapo mwisho wa muongo huu, misiba tisa kati ya kila kumi iwe na utani. Mwamvita aliliandika kwa mkono wake. Mikono tisa ilinyanyuka kulikubali, na mchana ule wataalamu walikula chakula cha pamoja, wakapongezana.

Jirani yake Kalunde Msabila hakumpongeza. Kalunde alikuwa Mnyamwezi, dereva mstaafu wa treni ya sumaku. Waliishi Pugu, ukuta kwa ukuta, kwa miaka thelathini, na katika miaka hiyo hawakuwahi kuamkiana kwa adabu hata siku moja. Mama yake Mwamvita alipofariki, Kalunde ndiye aliyeosha vyombo vyote vya msiba. Kisha akaingia chumbani, akavaa gauni la marehemu na kilemba chake, akatoka akichechemea kama yeye, akimgombeza Mwamvita kwa kuzidisha chumvi kwenye mchuzi. Sauti ilikuwa ile ile. Mwamvita alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalia kilio ambacho kilikuwa kimemkwama kooni siku nzima. Alipoinuka alikuwa mtu aliyefiwa na mama, lakini anayeweza kula.

"Kwa hiyo, wewe mla nazi," alisema Kalunde siku alipoelezwa habari za roboti, akiwa kwenye baraza yake anachambua mchicha, "mmeona sisi wabeba mizigo hatutoshi, mkatengeneza wa bati."

"Wa mkonge," alisema Mwamvita. "Na siyo kwamba hamtoshi. Hamfiki. Kuna watu wanazikwa kimya kama wametupwa. Hilo hulioni?"

"Nalisikia. Sasa hiyo mashine ikifa, nani atakwenda kuitania?"

Mwamvita alicheka. "Mashine haifi, Kalunde."

"Ndiyo. Basi haina utani." Kalunde alitupa bua la mchicha kwenye ungo, akaacha mzaha kidogo. "Mimi siji msibani kwako kukuchekesha, shoga. Nakuja kwa sababu na wewe utakuja kwangu. Nikikutukana leo, najua zamu yangu iko njiani. Hicho mnachokihesabu huko Dodoma, kicheko, ni mapovu tu. Nguo zenyewe ziko chini ndani ya maji."

Mwamvita aliyaona maneno hayo kuwa mazuri mno. Aliyaandika, na kwenye ripoti ya Jopo yalitokea ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, kwenye kiambatisho, chini ya kichwa "Maoni ya Wadau". Halafu akaendelea na kazi.

Kazi iliendelea vizuri. Roboti zilitoka kiwandani, kila kata ikapata yake, zile za mijini zikapata mbili. Namba zikapanda kutoka tatu hadi tano, kutoka tano hadi saba. Lakini lengo likishakuwepo huanza kudai mambo yake, kama mgeni aliyekaa siku nyingi. Mizani ilionyesha kwamba roboti hazileti maudhi kamwe, ila watani wa damu na nyama wakati mwingine huleta. Huko Mbeya mmoja alificha sanda mpaka wafiwa wakapigana. Jopo likaona pawe na mwongozo. Na kwa kuwa mwongozo usiosimamiwa ni karatasi tu, ikaamuliwa kwamba mtani yeyote anayetaka kutania hadharani ahudhurie kozi ya wiki mbili, afanye mtihani, apewe leseni.

Ilipofika zamu ya kujadili kuiga marehemu, Profesa Rwechungura alionyesha mchoro ukutani. Katika misiba yote ambapo mtani alivaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, kiwango cha faraja kiliporomoka ghafla, mara nyingine hadi tisa kwa mia. Hakuna kitendo kingine kilichoumiza wafiwa kiasi kile.

"Kinapanda baadaye," alisema Mwamvita. "Nakumbuka msiba wa mama yangu."

"Baada ya muda gani?"

"Sijui. Jioni. Kesho yake."

"Vifungo-hisi tunavivua baada ya saa moja, Daktari," alisema Profesa kwa upole. "Tunachokiona ni hiki. Kama una takwimu nyingine, Jopo litazipokea kwa furaha."

Hakuwa nazo. Angeweza kusema kwamba yeye mwenyewe ndiye takwimu. Angeweza kugoma kutia sahihi, na bila sahihi yake kifungu kisingepita, kwa sababu katika mambo ya mila wenzake wote walimfuata yeye. Aliandika: kuiga marehemu kuondolewe kwa sasa. Aliyaona maneno yale mawili ya mwisho kuwa ushindi mdogo, akatia sahihi, akawahi treni ya saa kumi.

Kalunde alikwenda kufanya mtihani kwa kejeli tu, akapata arobaini na moja. Watahiniwa walimtania mzee mmoja wa kuigiza aliyeketi na kifungo-hisi kifuani, na matusi ya Kalunde yalimpandisha mzee mapigo ya moyo mpaka kengele ikalia. Mwamvita aliyaona matokeo. Simu moja tu ingetosha kumpatia leseni, lakini alijiambia kwamba mtaalamu hapendelei rafiki.

Mwaka uliofuata Masanja, mume wa Kalunde, akaanguka bafuni na asiamke. Habari zilimfikia Mwamvita akiwa Dodoma, saa mbili kabla ya kusimama mbele ya Bunge kueleza kwamba Lengo Namba Nne limefika nane na nusu. Treni ilikuwapo. Dakika hamsini tu, angekuwa Pugu. Alizunguka ukumbini, akatazama saa, kisha akafanya jambo ambalo wakati ule aliliona la heshima kubwa. Aliagiza roboti ya toleo jipya kabisa, iliyokuwa bado haijatolewa kwa kata yoyote, ipelekwe msibani kwa Kalunde kwa jina lake. Aliisemesha mwenyewe ujumbe wa pole. Alikwenda Pugu siku ya tatu, akakaa mkekani, akatoa rambirambi. Kalunde alimshukuru na kumletea chai.

Tangu siku hiyo Kalunde alimwamkia kila asubuhi kupitia ukutani: "Habari za asubuhi, Daktari." Mwamvita alidhani ni majonzi, yatapita. Mtu mwenye shughuli nyingi hupenda kudhani hivyo.

Mzee Pazi, baba yake Mwamvita, alifariki siku ya Jumanne baada ya sala ya alfajiri, akiwa na miaka tisini na mmoja. Alikuwa mtu mgumu, mzee yule. Alitembea ametanguliza bega la kushoto kama anasukuma mlango, alibishana na redio, na alimwita jirani yake Kalunde mtumwa wake mbele za watu. Kalunde naye alikuwa amemwahidi, tena na tena kwa miaka, kwamba siku akifa atalivaa koti lake la kijivu na kutangaza mtaani kote kwamba mzee alikuwa anaiba mapapai. Mzee alikuwa akilisubiri jambo hilo kwa hamu ya ajabu. "Muwahi kuliweka koti mahali anapoweza kuliona," alisema wiki mbili kabla hajafa, na Mwamvita akamwambia asizungumze mambo ya kufa.

Tabibu-mnemba wa kata alipothibitisha kifo, taarifa ilikwenda yenyewe kwa msajili, kwa wachimba kaburi na kwa kituo cha roboti. Saa tatu kamili Mtani wa Serikali akaingia uani.

"Mzee wenu alikuwa mwembamba," ilisema. "Na mimi nimetoka mbali, miguu inaniuma."

Watoto waliokaa ukingoni mwa mkeka walishaijua. Walikwenda misibani kila mwezi, kama watoto wote. "Jeneza hili limenikaa mimi vizuri zaidi," wakasema pamoja nayo, kwa sauti ya kuimba, kama jedwali la kuzidisha. "Yeye mpeni baiskeli, aende mwenyewe!" Watu wazima wakacheka kwa adabu. Binamu mmoja akaenda kumleta jogoo, ambaye alikuwa wa plastiki, mali ya ofisi ya kata, mwenye namba ya usajili chini ya bawa. Roboti ikampokea, ikashukuru, ikatoka ndani ya jeneza, ikapisha. Dakika kumi na mbili kwa jumla.

Mwamvita alikaa katikati ya wanawake, kifungo-hisi kifuani, akisubiri kuhisi kitu. Alijua baba amekufa, kama mtu anavyojua jina la mji mkuu wa nchi asiyowahi kufika. Kilio kilikuwa mahali fulani ndani yake, kizito na kikavu, na hakikuwa na njia ya kutokea. Wanawake walimpapasa mgongo. Alitaka kuwaambia kwamba hamlilii mtu yeyote, kwamba baba yake bado hajaingia kwenye msiba huu hata kidogo, kwamba hapa anazikwa mzee mwembamba ambaye ni mzee wa kila mtu.

Profesa Rwechungura alikuja kwa treni ya saa tano, amevaa kofia ya kufaa msiba wa Kiislamu, akampa pole kwa maneno mazuri. Alikuwa mtu mwema kweli, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Waliposimama pembeni akasema:

"Sijui kama ni wakati wake, Daktari, lakini nadhani utafarijika. Kwa msiba huu, Mizani imesoma tisa kamili kwa nchi nzima. Lengo limefikiwa. Miaka miwili kabla ya muda."

"Profesa, tulifute," alisema Mwamvita.

"Tufute nini?"

"Lengo Namba Nne. Leseni. Mwongozo. Vyote nilivyoandika mimi."

Profesa alimtazama kwa huruma kubwa. "Umefiwa. Hilo ni jambo zito. Lakini siku ukiwa tayari, Jopo litakuuliza. Kwa kipimo gani tutasema limeshindwa? Namba ni tisa. Malalamiko hakuna. Watu wanacheka, umewasikia."

Mwamvita ndiye aliyewafundisha kuuliza hivyo. Alitazama juu ya bega la Profesa na kumwona Kalunde akiingia getini, amejitanda khanga mbili, amebeba sufuria ya wali kama jirani yeyote. Kalunde alisabahi watu wote kwa mkono. Hakumtukana mtu. Alitua sufuria, akatafuta nafasi kwenye mkeka wa nyuma, akaketi na kuinamisha kichwa.

Mwamvita alimwacha Profesa amesimama. Aliingia chumbani kwa baba yake, akalichukua koti la kijivu, akalipeleka mpaka mkeka wa nyuma na kuchuchumaa mbele ya Kalunde.

"Livae," alisema.

"Leseni sina, Daktari."

"Nani atakukamata? Sheria niliandika mimi."

"Ndiyo, uliandika wewe." Kalunde alisema polepole, bila ukali wowote. "Siku ya Masanja niliwaambia ndugu zake wasitoe jeneza. Nikawaambia, ngojeni, Mzaramo wangu anakuja, lazima alizuie mlangoni, lazima amseme Masanja kwa mikoromo yake mpaka akome. Wakalishika jeneza juani saa nzima. Wakwe zangu wananiuliza, huyo mtu wako yuko wapi? Nasema yuko njiani. Ikaja ile mashine yako, ikatoa salamu zako."

"Nisamehe, Kalunde. Nilidhani nakuheshimu. Nimekosa, nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani. Hapo ndipo palipoharibika." Kalunde aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Tangu lini mtani akasamehewa? Mtani hana kosa. Wewe ungechoma nyumba yangu ningesema, mwacheni, ni Mzaramo wangu huyo, nitakwenda kuchoma yake. Lakini siku ile nilikasirika, Mwamvita. Nilikukasirikia kama mtu anavyomkasirikia mtu. Nikakaa na hasira mwezi mzima, halafu nikakusamehe kama watu wanavyosameheana. Ikaisha."

Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema, na Mwamvita aliona kwamba janga lake alikuwa ameligawa sahani moja moja kwa kila nyumba ya nchi hii. Lakini kwa wakati ule hakuijali nchi. Alimjali baba yake, aliyekuwa ameoshwa na kuvishwa sanda chumba cha pili, akingoja mtu mmoja.

"Si kwa ajili yangu," alisema. "Kwa ajili yake. Alikuwa anakusubiri."

Hilo lilimgusa Kalunde. Alikaa akilitazama koti, kisha akalipokea, akasimama, akaingiza mkono mmoja, halafu wa pili. Lilimfika magotini. Akatanguliza bega la kushoto. Akapiga hatua moja, na shangazi mmoja akashika mdomo, maana alikuwa ni Mzee Pazi, ndiye kabisa, anayesukuma mlango usioonekana. Hatua ya pili. Kitu kizito kikaanza kusogea kifuani mwa Mwamvita. Uani watu waligeuka. Wengine waliitazama roboti kuona kama itasema kitu, watoto wakasubiri maneno wanayoyajua, na Profesa Rwechungura akatoa kibao chake mfukoni, bila ubaya wowote, kwa mazoea tu.

Kalunde akafungua mdomo aseme. Akamtazama Mwamvita, na Mwamvita akaona sura yake ikibadilika taratibu, ikaacha kuwa ya mzee, ikarudi kuwa ya mwanamke wa miaka sitini aliyesimama katikati ya watu na koti lisilo lake.

"Siwezi," alisema kwa sauti ya chini. "Namwona, yuko hapa hapa. Maneno yote ninayo. Lakini nakuonea haya, Mwamvita. Nakuonea haya kama mkwe."

"Sema chochote. Sema wizi wa mapapai. Nitukane mimi."

"Utani hauombwi, mwenzangu. Ningejua namna ya kuurudisha, ningeurudisha."

Akalivua koti. Alilikung'uta mabega, akalikunja vizuri, mkono juu ya mkono, akamkabidhi Mwamvita kwa mikono yake miwili huku amepiga magoti kidogo, kama anavyofanya mtu kwenye nyumba ya wakubwa. Wanaume walikuwa wameshamtia mzee ndani ya jeneza na kuliinua, na shahada imeanza.

"Pole sana, Daktari," alisema Kalunde. "Mungu amrehemu baba. Alikuwa mtu mwema."

Miaka thelathini na zaidi Kalunde hakuwahi kumwita Mzee Pazi mtu mwema. Mwamvita alilikumbatia koti, akajibu "Amina", kwa sababu mtu akipewa pole namna hiyo na mgeni, hana jibu lingine.